Makaa Chini ya Mchanga

Astoria, Oregon
29 Agosti 1994

Dada Aili,

Natumaini basi lilikufikisha Butte salama na nyonga haikukutesa sana njiani. Bernice anakusalimu. Anasema ulisahau sweta yako ya kijivu ndani ya hema, ataituma kwa posta akishaifua, maana inanuka moshi. Binti yetu Kirsti amerudi kazini shuleni na bado anatamba kwamba kati ya watoto wote wa ukoo huu ni yeye peke yake, mtu mzima wa miaka thelathini na mbili, aliyeoga baharini bila kupiga kelele. Samaki wameingia mtoni. Kila mwenye ndoano yuko majini isipokuwa mdogo wako.

Asante kwa kuja. Miaka ishirini na sita tunapiga kambi kwenye hifadhi ile ile ya jimbo, na tangu mumeo Urho afariki hukuwa umekuja hata mara moja. Najua Jumapili ile ulitaka tuzungumze kabla hujapanda basi, nami nikajifanya nahangaika na kamba za hema.

Yule mtoto anaitwa Tessa Pruett. Ana miaka minne. Wamemlaza Portland, nyayo zote mbili zimeungua, na watampandikiza ngozi. Mama yake, Corinne, ameniandikia kadi. Anwani alipewa na askari wa hifadhi. Anasema madaktari wamewaambia kwamba kama nisingemnyakua pale pale na kumkimbiza kijitoni, na kama nisingeishikilia ile miguu majini muda wote mpaka gari la wagonjwa lilipofika, wangemkata vidole. Ameandika kwamba mimi ni mtu aliyetumwa kwao asubuhi ile.

Bernice aliisoma kwa sauti mezani. Yeye na Kirsti wakalia. Mimi nikatoka kwenda kuangalia mafuta kwenye pikapu, ingawa nilikuwa nimeyaangalia jana yake.

Nakuomba kitu kimoja tu. Ukimwandikia Bernice, usitaje habari za jinsi tulivyouzima moto wetu Jumamosi.

Ndimi mdogo wako,
Reino


Butte, Montana
14 Septemba 1994

Reino mdogo wangu,

Nilifika salama, ingawa mtu wa kiti cha pembeni alikula mayai ya kuchemsha kutoka Spokane mpaka mlangoni kwangu. Nyonga iko vile vile. Mwanangu Walfrid amepata kazi kwenye karakana ya malori na sasa ananiletea nguo zake chafu zenye grisi, kijana wa miaka arobaini. Theluji imeshaonekana milimani. Nimeoka mkate wa iliki kama wa mama, nikautoa mapema kwa haraka zangu. Katikati ulikuwa mbichi.

Sitamwandikia Bernice. Lakini wewe si Bernice, na kwenye simu masikio yangu hayafai kitu, kwa hiyo wewe nitakuandikia.

Jumamosi jioni tulichoma soseji na mahindi, na moto ulikuwa mkubwa kwa sababu uliongeza lile gogo lililotupwa na bahari. Ukungu ulipoanza kuingia Bernice akakwambia, "Reino, chota maji uuzime." Ukamjibu, "Nachota, nachota, mama, nenda." Akaondoka na Kirsti wamebeba vyombo. Wewe ukaitazama bahari. Maji yalikuwa yamekupwa mbali sana. Ukachukua koleo ukaufukia moto kwa mchanga, kisha ukapasawazisha kwa mgongo wa koleo mpaka pakawa kama hapajawahi kuwashwa kibiriti. Nilikuwa nimekaa pale pale kwenye kiti changu. Niliona.

Na niliona jambo la pili. Wale Pruett walikuwa na moto wao, mdogo, hatua kumi na tano kutoka kwetu. Yule baba alikwenda majini na sufuria akarudi, mara tatu. Kila mara mvuke ulipanda.

Kesho yake mtoto wao akakanyaga makaa ya nani?

Umemjibu mama yake?

Dada yako,
Aili


Astoria
23 Oktoba 1994

Dada Aili,

Barua yako ilifika zamani. Mvua hapa haikatiki, goti la Bernice limevimba, na mimi nimeombwa nitengeneze injini ya boti ya Tauno Kesti, ambaye hajui tofauti ya bisibisi na kijiko. Kwa hiyo sikuwa na nafasi.

Hapana, si kweli. Nafasi nilikuwa nayo.

Nitakwambia yaliyotokea kisha uniache. Corinne aliandikia kanisa letu. Jumapili ya kwanza ya mwezi, kwenye kifungua kinywa cha wanaume, mchungaji alisimama akasoma barua ile, wakanipigia makofi watu sitini wamesimama, na wakanipa ngao ya mbao yenye jina langu. Nilikuwa na kipande cha mkate mdomoni. Sikuweza kumeza wala kutema. Mzee mmoja akanipiga mgongoni akasema, "Mnyenyekevu huyu, tazameni, hata kusema hawezi!" Wakazidi kupiga makofi. Ngao Bernice ameitundika sebuleni.

Juzi imekuja barua nyingine ya Corinne, na hii haikuwa ya shukrani. Nadhani hana mtu wa kumweleza. Amemchukua Tessa, wamehamia kwa mama yake ng'ambo ya mto, Kelso. Mumewe, Lyle, amebaki peke yake nyumbani Longview. Ameandika hivi: "Najua hakukusudia. Lakini nikimwona anakula, anakunywa maji, nawaza kwamba hakutaka kwenda mara moja zaidi na sufuria, na mwili wangu unakataa kukaa naye chumba kimoja."

Unakumbuka yule askari wa hifadhi, mwenye ndevu nyekundu? Asubuhi ile alisimama juu ya mchanga ule, akauliza, "Huu moto ulikuwa wa nani?" Ukungu ulikuwa mzito, huoni hatua tano. Mchanga wote sawa. Nikamsikia Lyle, sauti kama ya mtu aliyemwagiwa maji ya barafu, akisema, "Ni wetu. Lazima ni wetu. Nilidhani nimeuzima." Askari akaandika.

Na mimi nilikuwa nimepiga magoti kijitoni, nimeshika visigino vya mtoto wake, mbali kama kutoka mlangoni kwako mpaka barabarani. Nilisikia kila neno. Nilijiambia, kwanza mtoto aondoke na gari. Gari likaondoka. Nikajiambia, nisubiri kwanza Lyle apate nguvu. Lyle akaja akanishika mikono yote miwili, akasema, "Mungu akubariki, mzee." Baada ya hapo nilisemaje?

Usinijibu hilo. Sijaomba ushauri.

Reino


Butte
4 Desemba 1994

Reino,

Nimechelewa kwa sababu barua tatu nilizokuandikia nimezichana. Theluji imefika madirishani. Walfrid anasalimu. Basi, salamu zimetosha.

Unasema hujaomba ushauri. Kwa nini basi umeniandikia kurasa nne, wewe ambaye kadi ya Krismasi unaandika jina tu? Sikuja kanisani kukupigia makofi, ndiyo maana unaniandikia. Umebaki na mtu mmoja tu duniani unayeweza kuvua uso mbele yake.

Mtu ameachwa na mkewe kwa kosa lako. Analala peke yake kwa kosa lako. Mtoto atakua akijua kwamba baba yake ndiye aliyemuunguza, na baba mwenyewe atamwambia hivyo, kwa sababu anaamini. Kwenda Longview ni mwendo wa saa moja na nusu. Nenda ukaseme.

Na hiyo ngao, kama lazima itundikwe, itundike chooni.

Aili


Astoria
10 Desemba 1994

Aili,

Usinihubirie. Huko Butte ni rahisi kuwa mtakatifu, hakuna anayekujua zaidi ya kijana wako na grisi zake.

Umeandika vizuri sana juu ya koleo langu. Umehesabu hata sufuria za mwenzangu. Mbona hukuandika juu ya ndoo? Ilikuwepo ndoo. Ilikuwa mbele ya kiti chako, nusu yake maji ya vuguvugu, ulikuwa umeloweka miguu ndani. Nilikugeukia, ukanitazama, nikakutazama. Na kuna neno ulilonitamkia pale pale, ambalo sitaliandika kwa sababu wewe ni dada yangu, na ndiwe uliyenilea mama alipokuwa anafua nguo za watu.

Nina umri wa miaka sitini na tatu. Wanaonisalimia barabarani sasa wanavua kofia. Unajua hilo linafanana na nini? Linafanana na kuvaa koti la mtu aliyelala chumba cha pili.

Usiniandikie tena habari hizi.

R.


Butte
26 Februari 1995

Reino mdogo wangu,

Sikuandika Krismasi. Ni Krismasi ya kwanza tangu ulipokwenda jeshini ambayo hatukuandikiana, na nilikwenda kwenye sanduku la barua kila siku kama msichana aliyechumbiwa.

Nilianguka kwenye barafu tarehe tisa Januari. Sikuvunjika. Lakini nimelala wiki tano, na mtu akilala wiki tano anasikia vitu vyote alivyokwisha kuvinyamazisha.

Neno usilotaka kuliandika nitaliandika mimi. Ulinigeukia, ukaitazama ndoo, ukasema, "Aili, nipe hayo maji." Na mimi nikasema, "Acha bwana, nimepata baridi na miguu ndiyo kwanza inatulia. Fukia tu, twende zetu."

Fukia tu, twende zetu. Nilisema hivyo. Ukaniona ninavyotetemeka, ukacheka, ukafukia.

Tangu Septemba nimekuwa nikijiita mtu aliyeona. Nilikuandikia kama hakimu, na kila nilipofunga bahasha nilijisikia msafi, kana kwamba kumshitaki mtu ni sawa na kutokuwepo. Nawe ulikuwa na neno moja tu la kunimaliza nalo, ukalishika mdomoni miezi yote hii. Kama kuna haya niliyowahi kuiona maishani mwangu, ni hii ya kusitiriwa na mtu niliyemtukana.

Nimemwandikia Corinne barua. Iko hapa mezani, ina stempu. Nimeeleza yangu, miguu yangu na ndoo yangu na neno langu. Lakini siwezi kueleza yangu bila yako kutoka. Sitaipeleka posta kabla hujaniambia. Sikutishi. Nikikutisha nitakuwa nimerudi kwenye kiti kile kile, nimekaa nakuangalia ukifanya kazi.

Nimeshindwa kukuamuru. Nakuomba tu. Mimi siwezi kupanda basi na nyonga hii. Wewe una pikapu.

Dada yako,
Aili


Astoria
2 Aprili 1995

Dada Aili,

Bernice anakusalimu. Naanza na hilo kwa sababu siku nne hakusema na mtu, na leo asubuhi jambo la kwanza lililomtoka ni, "Mwandikie Aili, mwambie nampa pole kwa kuanguka." Kirsti ni mzima. Hajaja nyumbani wiki hii. Anasema atakuja Pasaka.

Peleka barua yako posta. Mimi nimekwenda.

Nilikwenda Jumanne. Sikumwambia mtu. Lyle anafanya kazi kwenye duka la matairi huko Longview. Niliegesha ng'ambo ya barabara nikakaa kwenye pikapu karibu saa nzima, nikimtazama anaviringisha matairi. Amekonda. Nilikuwa nimeandaa maneno yangu, nimeyakariri njia nzima. Nilipoingia tu mlangoni akaniona, akaangusha spana, akaja anafuta mikono kwenye suruali, akanikumbatia kabla sijafungua mdomo. "Mzee wa kijitoni! Jamani, huyu ndiye yule mzee niliyewaambia!" Wenzake wakaja kunishika mkono.

Aili, mtu anaweza kufa kwa kukumbatiwa. Nimejua hivyo Jumanne.

Nikamwambia, "Lyle, naomba tutoke nje." Tukasimama nyuma ya duka, penye matairi makuukuu. Yale maneno yote niliyokariri yakanipotea. Nikasema, "Moto ulikuwa wangu."

Akasema, "Moto gani?"

"Uliomuunguza Tessa. Haukuwa wenu. Wenu mliuzima. Wangu niliufukia kwa mchanga, sikutia maji. Nilijua tangu asubuhi ile ile."

"Rudia."

Nikarudia.

"Rudia tena."

Nikarudia. Alikuwa ananitazama mdomo kama mtu asiyesikia vizuri. Kisha akachuchumaa chini, akashika kichwa. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige. Akasema, kwa sauti ya chini kabisa, "Unajua nimekuwa nikifanya nini? Kila jioni nikikaa peke yangu nakwenda tena na sufuria. Ya kwanza. Ya pili. Ya tatu. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba sikwenda kabisa. Kwamba nimeota."

"Ulikwenda mara tatu," nikamwambia. "Dada yangu alikuona."

"Dada yako aliniona?"

"Alikuona. Anakuandikieni yeye mwenyewe."

"Mlikuwa wawili." Akasimama. "Miezi saba, mzee. Miezi saba, na mlikuwa wawili."

Akavua aproni, akaitupa juu ya matairi, akasema, "Panda gari."

Alinipeleka Kelso kwa mama mkwe wake. Corinne alifungua mlango, akaniona, akafurahi, na hapo hapo akamwona Lyle nyuma yangu, akashindwa kujua uso gani auvae. Tukaingia jikoni. Lyle akasema, "Mwambie kama ulivyoniambia mimi. Usipunguze."

Nilikuwa sijafika mbali na maelezo yangu Tessa akaingia. Anatembea, Aili. Anatembea kwa soksi nene za hospitali, anapiga hatua za bata, lakini anatembea. Sikutegemea angenikumbuka. Akaja moja kwa moja, akasimama mbele yangu, akaninyooshea mguu mmoja. "Maji yalikuwa baridi," akanilalamikia.

"Ndiyo," nikasema. "Yalikuwa baridi."

"Ulinishika kwa nguvu."

"Ndiyo. Nisamehe."

"Basi," akasema, akaenda kutafuta biskuti.

Mama yake Corinne akamtoa nje. Nikamaliza yaliyobaki. Nilimweleza Corinne kila kitu, na kwamba nilipokea kadi yake na barua yake nikijua, na kwamba nilisimama kanisani nikapigiwa makofi nikijua. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshika kitambaa cha vyombo, akawa anakikunja, anakikunjua. Nilipomaliza, hakunitazama mimi. Alimtazama Lyle. Akasema, "Nilikwambia hukutaka kwenda mara ya nne."

Lyle akasema, "Najua."

"Nilikwambia mbele ya mama yangu."

"Najua, Corinne."

Hapo ndipo akanigeukia. "Toka," akasema. "Nakushukuru kwa miguu ya mwanangu, na sitaki kukuona tena maisha yangu yote. Toka."

Nikatoka. Pikapu yangu ilikuwa Longview, nikavuka daraja kwa miguu, mvua inanyesha. Sikulalamika. Nilikuwa nimefika katikati ya daraja niliposikia mtu ananikimbilia. Ni Lyle, hana koti. Nikadhani sasa ndiyo nazikwa mtoni. Akasimama, anahema, akasema, "Kule hifadhini kuna ripoti. Ina jina langu. Siku moja Tessa atakuwa mkubwa na anaweza kuitafuta."

Nikasema, "Nitakwenda kesho."

"Kesho," akasema. Akarudi mbio. Hakunipa mkono, na sikuutarajia.

Jioni ile nilimwambia Bernice. Nilianza na "nachota, nachota", maana hilo analikumbuka, na lililobaki nikalimaliza. Hayo aliyosema ni yetu sisi wawili. Mchungaji nilimrudishia ngao yake mkononi, nikamweleza nikiwa nimesimama mlangoni kwake. Aliniomba niingie. Sikuingia. Najua habari imeshafika mjini kwa sababu Tauno Kesti amekuja kuchukua injini yake kabla haijakamilika, akasema amepata mtu mwingine.

Jumatano asubuhi nilikwenda hifadhini. Bado ni msimu wa mvua, kambi zote tupu. Yule askari mwenye ndevu nyekundu alikuwa ofisini anapasha mikono kwenye kikombe. Alinikumbuka, akainuka kunisalimia kwa heshima. Nikamwambia asiniamkie kwanza, atoe faili la Agosti. Nilipomweleza akauliza kama nimelazimishwa na mtu.

"Hapana," nikasema. "Nimechelewa tu."

Akasema hawezi kufuta kilichoandikwa. Anaweza kuambatisha karatasi ya pili, na ya pili ndiyo itakayosomwa kwanza. Naweza kutozwa faini, naweza kuitwa mahakamani. Nikasema sawa. Nikataja langu tu, lako sikuligusa. Hilo utalisema mwenyewe, kwa mkono wako, kama ulivyotaka.

Akachukua kalamu. Akaandika kwamba moto wa familia ya Pruett ulikuwa umezimwa ipasavyo kwa maji. Nikamwomba aongeze "mara tatu", akaongeza. Kisha akafika mahali pa jina la mwenye moto uliounguza, akainua kichwa. Jina letu ni la Kifini, watu wengi hapa hulikosea.

"Linaandikwaje?" akaniuliza.

Nikamtajia herufi moja moja, polepole. Alipomaliza nikamwomba anigeuzie karatasi nilisome, nihakikishe hajakosea.

Mdogo wako,
Reino Halmela